Tundu la Vidole Vitatu

4 Februari

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa paa la jikoni, ambalo bado linavuja palepale na ndoo bado iko palepale. Mimi sijambo. Jirani wa upande wa bafuni amepata mjukuu wa nne na sasa ukuta wetu unalia mchana kutwa. Marafiki zangu watatu wa Jumamosi wapo, wamezeeka kunizidi, ingawa wao wanasema mimi ndiye niliyewazidi. Mwanangu, binamu yako Mkaguzi, naye hajambo. Nadhani unakumbuka tulimpa jina hilo akiwa na miaka sita, alipokuwa akipita nyuma ya wageni kuhesabu nani kabakiza nini kwenye sahani. Hajabadilika, ila sasa ananihesabu mimi.

Ovaroli niliyokushonea ulipoenda chuoni bado inakutosha? Ikitobolewa na cheche usiitupe. Ilete, nitaitia viraka.

Sasa niseme lililonifanya nitafute kalamu. Unajua napika pombe yangu mwenyewe ya kimea, kwa ajili ya Jumamosi. Nachemsha kwenye ile sufuria kubwa ya chuma ya marehemu mke wangu, kisha naiinua na kumimina kwenye ndoo, natia hamira, nafunika, basi. Mwezi uliopita sufuria iliniponyoka wakati wa kumimina. Nimeungua mguu kidogo tu, ngozi imesharudi. Lakini Mkaguzi alikuja, akaona bandeji, akasema maneno mengi. Kwa kifupi, anasema nikiinua tena sufuria ya moto nyumba hii inafungwa na mimi nahamia kwake, kwenye chumba chenye kapeti, ambako hakuna kupika chochote. Nilimwambia nitaweka koki chini ya sufuria, nifungue tu pombe itoke yenyewe bila kuinua. Akasema sawa, atakuja mwisho wa Juni kuiona ikifanya kazi. Asipoiona, ananipakia mimi na kitanda.

Ukoo mzima fundi wa matangi ni wewe peke yako. Niambie koki inawekwaje. Usiniambie nikupigie simu, kwa sababu ile simu aliyoninunulia Mkaguzi inakoroma tu, na mimi nataka mchoro.

Na jambo dogo. Ule mkono wa koki, unaozungushwa, unaweza kuelekezwa kushoto?

Samahani kwa mwandiko. Meza imevunjika mguu mmoja na inacheza ninapoandika.

Mjomba wako


26 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia Jumatatu ikiwa na alama ya kikombe cha mtu juu yake, sijui postamasta gani amekunywa chai na siri zetu. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga ni kilekile, dirisha linatazama ukuta, ukuta unatazama dirisha, tumeshazoeana. Mama mwenye nyumba ameanza mazoezi ya kuimba na sisi wapangaji tumeanza mazoezi ya kuvumilia. Pole sana kwa mguu. Umesema kidogo, lakini wewe hata ulipong'olewa meno manne ulisema kidogo.

Ovaroli ipo, nzima kabisa. Kazini siku hizi nati na koki zote za karakana zinapita mikononi mwangu, kwa hiyo umeuliza mtu anayehusika.

Fanya hivi. Nunua koki ya chuma, isiwe ya plastiki, maana moto utaikunja. Koki ina shingo yenye nyuzi za kukazia. Nunua nati moja ya kuingia shingoni na washa mbili za mpira usioogopa moto, moja itakaa ndani ya sufuria na moja nje. Tundu liwe na upana wa kifungo cha koti. Toboa kwa drili ya taratibu, ukitia matone ya mafuta, kisha lainisha kingo kwa tupa ili zisikate mpira. Ingiza koki, kaza nati kwa ndani. Ikivuja, kaza tena kidogo.

Mahali pa kutoboa ni vidole vitatu, vidole vyako vikiwa vimelala. Nimekuchorea kwenye karatasi ya pili. Kile kiduara chenye msalaba ndicho tundu. Mchoro ni wa karakana kabisa, ndivyo tunavyochora sisi.

Mkono wa koki elekeza kulia kama kawaida. Sijaelewa kwa nini kushoto. Kuna ukuta?

Mpwa wako


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mama mwenye nyumba anaimba, afadhali huko wanaimba. Hapa mjukuu wa jirani hajamaliza wimbo wake tangu Februari.

Koki nimenunua. Muuzaji aliniletea tatu, nikachagua nzito. Washa nimepata, nati nimepata. Mchoro wako nimeubandika kwenye mlango wa kabati na nimeutazama tangu Jumanne mpaka leo Ijumaa. Nimeutazama nikiwa nimesimama, nikiwa nimekaa, na nikiwa na miwani ya marehemu juu ya miwani yangu. Kuna mahali nilikwama kidogo, lakini sikuulizi, wewe ndiye fundi na mimi ni mtu wa nguo. Mtu akiniletea kitambaa na kuniuliza kwa nini napima hivi na si vile, huwa namwonyesha mlango. Kwa hiyo nimeelewa kila kitu.

Kinachonichelewesha si mchoro. Sufuria hii mke wangu aliiazima kwa kila harusi ya mtaa na kila mara ilirudi. Kuitoboa ni kama kukata koti la mtu aliyelala. Nimeiweka mezani, nimeiosha, nimeirudisha jikoni, sasa ni mara ya tatu. Unisamehe, najua ni chuma tu.

Hakuna ukuta. Nauliza tu. Je, koki inaweza kufunguliwa kwa kiwiko? Na hao wenzako karakanani, yupo anayetumia kushoto, na anakaza nati vipi peke yake?

Cherehani nimeifunika shuka kwa sababu ya vumbi.

Mjomba wako


6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Huku mvua, viatu havikauki, kila mtu kazini anakohoa. Mimi sijambo.

Nimesoma barua yako mara mbili na nimechanganyikiwa zaidi ya mara ya kwanza. Kiwiko cha nini? Nani anafungua koki kwa kiwiko? Na pale uliposema ulikwama halafu ukasema umeelewa kila kitu, pale pamenitia wasiwasi. Mjomba, tafadhali usitoboe kwanza. Weka alama kwa kalamu, kisha nieleze kwa maneno alama iko wapi. Nikikujibu ndipo utoboe. Chuma kikishatobolewa hakishonwi.

Kuhusu mkaza mjomba na sufuria yake, sina la kusema isipokuwa kwamba na mimi nililia kidogo nikiwa nakula, na mwenzangu wa chumbani akadhani ni pilipili.

Mpwa wako


12 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Nimepata ujasiri. Jana nilimwita fundi baiskeli wa pale kona, yule mwenye drili, nikamshikia sufuria yeye akatoboa. Alipoona alama yangu alisimama, akajikuna, akasema, "Mzee, una hakika ni hapa?" Nikamwambia mpwa wangu anajenga matangi ya maziwa marefu kuliko nyumba yake, yeye atoboe. Akatoboa. Chuma kilipiga ukelele, na mimi nikatoka nje mpaka kilipomaliza.

Kingo nimezilainisha kwa tupa siku nzima, taratibu. Koki imekaa vizuri, haivuji hata tone. Mkono nimeuelekeza kushoto, usinikasirikie.

Sasa nieleze jambo moja. Nilijaza maji mpaka karibu na mdomo, nikafungua. Yalitoka maji safi, kwa nguvu, yakajaza vikombe vitatu, kisha yakaacha. Sufuria bado imejaa. Nilifunga, nikasubiri, nikafungua tena. Hakuna. Nilidhani labda koki ya kisasa inatoa kwa awamu, nikakaa kwenye kigoda nikisubiri awamu ya pili mpaka adhuhuri. Fundi baiskeli alipita dirishani akaniona nimekaa mbele ya sufuria, akaniuliza kama nina mgonjwa.

Nini nimekosea? Juni si mbali, na Mkaguzi ameniandikia kuniuliza kitanda changu kina upana gani.

Mjomba wako


3 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 12 imenifikia jana, na bila shaka yangu ya tarehe 6, ile ya kukwambia usitoboe, ilikufika ukiwa umeshatoboa. Zilipishana njiani na kila moja ikaenda kusema uongo ilikokwenda.

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Vikombe vitatu kisha basi. Je, washa ya ndani haijateleza ikaziba? Puliza kwenye koki ikiwa wazi, sikiliza kama hewa inapita. Je, koki haina kipande cha plastiki cha dukani ndani yake? Wengine huwa wanasahau kukitoa. Je, fundi baiskeli alitoboa mpaka upande wa pili kweli? Najua swali hili ni la kijinga, lakini nimemaliza ya akili.

Nimemuuliza mwenzangu wa chumbani, ambaye anauza viatu, akasema labda maji yenu huko ni mazito.

Mjomba, ulipima vidole vitatu kutoka wapi? Na ule mchoro wangu nirudishie. Nataka kuona ulichokiona.

Mpwa wako, ambaye haelewi tena hata koki ni nini


20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimepuliza. Hewa inapita, inapiga mbinja, na paka wa jirani amehama. Plastiki hakuna. Tundu limetoboka, naona mwanga wa dirisha kupitia koki, ni kitu kizuri kutazama lakini hakinywiki.

Vidole vitatu nilipima kutoka juu. Kutoka wapi tena? Miaka arobaini nimepima watu, na mtu anapimwa kutoka shingoni kwenda chini. Mfuko wa shati ni vidole kadhaa kutoka begani, haijawahi kuwa kutoka kisigino. Hata hivyo nisingetegemea mazoea yangu peke yake. Mchoro wako mwenyewe huu hapa, nimeufunga na barua hii. Kiduara chenye msalaba kiko upande gani? Kiko upande wa mdomo wa sufuria. Pale ndipo nilipokwama ile wiki ya kwanza. Nilijiuliza, koki ya kutolea kinywaji inakaaje juu? Nikajibu mwenyewe kwamba fundi ni wewe na huenda chuma kina mambo yake. Sikuuliza kwa sababu sikutaka uone mjomba wako hajui kusoma mchoro.

Mkaguzi anakuja Jumamosi ya mwisho ya Juni. Amesema atakuja na gari lenye nafasi nyuma.

Wale watatu wa Jumamosi wamekuwa wakija hata bila pombe. Tunakaa, tunatazama sufuria. Ni wema wao, lakini mtu hawezi kutazamwa akiwa hana cha kumimina, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kama mambo yenyewe ni haya, labda niende tu nikae kwenye kapeti.

Mjomba wako


8 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena ya magoti chini. Naomba barua hii uisome ukiwa umekaa.

Mchoro ulipofika niliuweka mezani na nikaona ninachokijua siku zote, sufuria, kiduara, msalaba. Kisha bahasha ikaanguka, nikainama kuiokota, na nikauona mchoro kutoka upande wa pili wa meza. Mjomba, sufuria niliyokuchorea imesimama kichwa chini. Mdomo wake uko chini ya karatasi na kitako kiko juu. Kiduara kiko karibu na kitako, na kitako kiko juu. Lakini mtu mwenye akili zake akiona sufuria kwenye karatasi, anadhani upande wa juu ndio mdomo. Ulichofanya wewe ndicho ambacho mtu yeyote angefanya.

Nilikwenda kwa fundi mkuu wa karakana, mzee mmoja tunamwita Miwani, nikamwonyesha. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia kwamba tangi dogo linapotobolewa hulazwa mdomo chini juu ya meza, lisiyumbe, na wao huchora kama linavyokaa mezani. Kila mmoja karakanani anajua hivyo. Mimi sikujua. Na hapa ndipo pagumu.

Mimi si fundi, Mjomba. Chuoni nilimaliza, lakini jaribio la kuchomelea nilianguka mara mbili, mkono ulinitetemeka mbele ya wasimamizi. Karakana ilinichukua stoo. Nakaa nyuma ya kaunta yenye wavu, mafundi wanakuja, natoa nati, natoa washa, naandika kwenye daftari nani kachukua nini. Nilikuandikia kwamba zote zinapita mikononi mwangu, na ni kweli, zinapita tu. Mchoro ule niliunakili kutoka ukutani siku ya mapumziko, bila kuuliza mtu, kwa sababu niliona aibu kuuliza. Ovaroli yako iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Haina hata tundu moja la cheche. Miaka mitatu nimekuacha uwaambie watu najenga matangi, na sasa sufuria ya mkaza mjomba imetobolewa mahali pasipo pake kwa sababu ya uongo wangu. Naona haya kiasi kwamba sentensi hii nimeiandika mara nne.

Sasa dawa. Miwani alipomaliza kucheka alifikiri, kisha akasema usizibe tundu wala usitoboe jingine. Amepinda bomba jembamba la chuma kwa mikono yake, mimi nikishika upande mmoja, na akanifundisha kulikata. Nimelituma kwa basi pamoja na mpira mrefu usioogopa moto. Bomba lina nyuzi upande mmoja. Lifunge nyuma ya koki kwa ndani, lishuke ndani ya sufuria mpaka lifike karibu na kitako, likiacha nafasi ya kidole kimoja lisigusane na makapi. Mpira uvalishe mdomo wa koki kwa nje, ushuke mpaka ndani ya ndoo. Sufuria ikae juu ya jiko, ndoo ikae sakafuni. Hilo ni la lazima, ndoo iwe chini kuliko kitako cha sufuria.

Ukimaliza kuchemsha pombe itakuwa imepungua. Ongeza maji uliyoyachemsha na kuyapoza, birika moja au mawili, mpaka yapite juu ya koki. Ndipo ufungue. Yakianza kutoka, yatavuta na yaliyo chini, yote, mpaka mwisho. Mimi nilikuwa siamini. Tulijaribu kwenye ndoo ya karakana na mafundi sita walisimama kutazama.

Na sasa swali langu, na usinijibu kwa mambo ya vumbi. Umeniuliza koki ielekezwe kushoto. Umeniuliza kiwiko. Umeniuliza mtu wa kushoto anakaza nati vipi peke yake. Tundu ulimwachia fundi baiskeli, wewe uliyekuwa hukubali mtu mwingine akuwekee hata balbu. Cherehani umeifunika. Tangu Februari hujanitajia nguo hata moja uliyoshona. Mjomba, mkono wako wa kulia una nini?

Mpwa wako wa stoo


30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, inuka hapo chini, sakafu ya huko haifai kwa magoti. Jirani amehamia na mjukuu kwa mama wa mtoto, kwa hiyo naandika katika utulivu ambao sikuwahi kuuzoea. Paa, palepale.

Kifurushi kilifika siku nne kabla ya Mkaguzi. Bomba tulilifunga mimi na fundi baiskeli, ambaye ameniomba nimwombee radhi kwako, kwa sababu maneno aliyoyasema juu yako mwezi wa Aprili hakuyarudia mbele yangu lakini mtaa mzima uliyasikia.

Jumamosi nilianza kuchemsha asubuhi. Mkaguzi alifika, akaegesha lile gari, akaingia moja kwa moja jikoni na viatu vyake. Alizunguka sufuria. Akainama, akaona koki ilivyokaa karibu na mdomo, akaangalia kitako kisicho na kitu. Wale watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi kama watu wanaosubiri matokeo. Akaniuliza, "Baba, koki ya chini kwa nini iko juu?"

Nikamwambia, "Ndivyo wanavyoweka karakanani kwa mpwa wangu."

Niliongeza maji, mabirika mawili. Nikafungua kwa kushoto. Mwanzoni mpira ulikohoa, ukatoa vikombe vile vitatu ninavyovijua, na nilikuwa nimeshazoea kwamba sasa yataacha. Hayakuacha. Yalishuka, yakashuka, nikaona alama ya pombe ikiteremka kwenye kuta za sufuria ya mke wangu, na hakuna aliyeinua kitu, mpaka bomba likafyonza tone la mwisho kwa sauti ya mtoto anayemaliza juisi. Mmoja wa wale watatu alipiga makofi. Makapi yote yalibaki chini, na pombe kwenye ndoo ni safi kuliko nilivyowahi kuipata. Mwambie Miwani. Nadhani koki ingewekwa chini ingeziba.

Sasa nijibu swali lako, maana umenijibu mangapi ambayo sikuuliza. Mkono wa kulia ulianza kufa ganzi Novemba. Asubuhi moja mkasi ulinianguka, nikauokota, ukaanguka tena. Sufuria iliniponyoka kwa sababu hiyo, si kwa uzito. Daktari amesema ni mishipa, kwamba huenda ukarudi kidogo na huenda usirudi. Sikumwambia mtu. Mshonaji asiye na mkono wa kulia ni nani? Nilikaa na swali hilo miezi minane na wala sijalipatia jibu. Niliogopa kwamba Mkaguzi akijua hakuna koki itakayoniokoa.

Ile pombe ya wiki mbili nyuma, aliyonimiminia fundi baiskeli, ilikuwa tayari, kwa hiyo tulikunywa. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nilikaa pembeni, mkono wa kulia ukiwa mfukoni kama mtu mwenye madaha. Mkaguzi ndiye aliyemimina. Alizunguka akawawekea wale watatu bilauri zao mbele yao, upande wa kulia, mmoja baada ya mwingine, kwa ule utaratibu wake. Alipofika kwangu, aliweka bilauri upande wa kushoto. Hakunitazama hata kidogo, alikuwa akifuta meza. Nikapuliza povu, nikajifanya ni jingi.

Jioni aliondoka na gari lile likiwa tupu. Mlangoni alisema atarudi Septemba kuangalia paa. Ndivyo alivyosema, paa.

Wewe nawe usiniambie habari za haya. Suruali ya kwanza niliyomshonea mteja ilikuwa na miguu miwili yote ya kulia, na niligombana naye nikimwambia tatizo liko kwenye miguu yake. Jaribio lile hufanywa mara ngapi? Uliza. Kama wanaruhusu mara ya tatu, nenda ukatetemeke mara ya tatu. Miwani aliyekufundisha kukata bomba atakufundisha na lingine. Mkono wangu wa kushoto unajifunza kupitisha uzi kwenye sindano, umefika mara moja katika kila kumi, na nina muda. Itoboe hiyo ovaroli kisha niletee nitie kiraka.

Na kuhusu mwandiko wangu mbovu wa tangu Februari, ule niliosema ni wa meza kucheza. Barua zote hizi nimekuandikia kwa kushoto. Meza ina miguu yake yote minne.

Mjomba wako